“Ngozi: kawaida” imeandikwa, lakini nani ameiangalia?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wauguzi, wakunga na matabibu wenzetu, na pia na ndugu wanaouguza wagonjwa wodini. Fungua faili la mgonjwa aliyelazwa, utafute mahali pa uchunguzi wa mwili. Mara nyingi utakuta mistari mitatu: “Ngozi: kawaida. Nywele: kawaida. Kucha: kawaida.” Mistari hiyo huandikwa mgonjwa akiwa bado amejifunga khanga, soksi ziko miguuni na kilemba kiko kichwani. Mgongo haukuonekana, nyayo hazikuonekana, kichwa hakikuguswa. Siku chache baadaye kinagunduliwa kidonda juu ya matako, na hakuna anayeweza kusema kama mgonjwa alikuja nacho au amekipata hapohapo kitandani.

Hata anayeangalia kwa dhati anaweza asione, kwa sababu wengi tulifundishwa kutafuta wekundu. Vitabu vinasema uvimbe huwa mwekundu, upele wa surua ni mwekundu, na ngozi inayoanza kufa kwa kulaliwa huwa nyekundu. Picha zake ni za watu weupe. Hata kipimo maarufu cha aina za ngozi alichokiasisi daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975 kilianza na aina 4 za ngozi nyeupe tu, na ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye kama aina ya 5 na ya 6. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujitokeza kama zambarau, kijivu, kahawia iliyoiva, au weusi uliozidi weusi wa jirani yake. Wakati mwingine rangi haibadiliki kabisa, na kinachobadilika ni joto, ugumu na maumivu. Kwa hiyo mkono unafanya kazi sawa na jicho, na pengine kuzidi.

Jambo la kwanza ni mwanga. Taa nyingi za wodini zina mwanga wa kibuluu au wa njano. Umanjano wa macho unapotea chini ya taa ya njano, na chini ya taa ya kibuluu kila mgonjwa anaonekana amepauka. Msogeze mgonjwa dirishani mchana, au mlaze kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, na uvute pazia la kumsitiri upande wa watu. Tochi ni ya kinywani na ya kumulika ngozi kwa ubavu: ukiishika karibu sawa na ngozi, uvimbe mdogo unatoa kivuli na unaonekana. Ukimulika kutoka juu moja kwa moja, uvimbe huohuo hauonekani.

Upungufu wa damu hautafutwi usoni. Tafuta kwenye viganja, ulimi, ndani ya kope la chini na chini ya kucha, mahali ambapo rangi ya ngozi ni kidogo. Kwa mtoto, shika kiganja chake kwa upande na ukiache kijifungue chenyewe. Usivute vidole vyake kwenda nyuma, kwa sababu ukivuta unaibana damu na kiganja kinapauka hata kwa mtoto mzima wa afya. Linganisha na kiganja chako na viganja vya watoto wengine waliopo. Kikiwa na weupe kiasi, ana upungufu wa damu. Kikionekana cheupe kabisa, huo ni upungufu mkali, na mtoto huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Umanjano una mtego wake. Watu wengi weusi wana rangi ya kahawia au njano hafifu kwenye pembe za sehemu nyeupe ya jicho, hasa palipo wazi kwa jua na vumbi, na si ugonjwa. Mwambie mgonjwa aangalie chini, inua kope la juu, uone sehemu iliyofunikwa. Kisha mwambie anyanyue ulimi, umulike chini yake na kwenye kaakaa. Umanjano wa kweli unakuwa huko pia.

Kwa mtoto mchanga, bonyeza kwa kidole kwenye paji la uso, kisha kifuani, uachie na uangalie rangi kabla damu haijarudi. Angalia fizi, viganja na nyayo. Umanjano uliojitokeza kabla mtoto hajatimiza saa 24 ni wa hatari, na umanjano uliofika viganjani na nyayoni ni wa hatari kwa umri wowote. Mtoto huyo anahitaji kupimwa damu na kuwekwa chini ya taa maalumu hospitalini. Kumwanika juani nyumbani hakutoshi, na siku inayopotea inaweza kuugharimu ubongo wake. Wakati huohuo, mabaka ya kibuluu-kijivu matakoni na kiunoni mwa mchanga ni ya kuzaliwa nayo na hufifia yenyewe utotoni. Yaandikwe kwenye kadi siku ya kuzaliwa, ili mtu asije akadhani baadaye kuwa mtoto amepigwa.

Tukizungumzia watoto wachanga, tuutaje mfumo wa daktari Virginia Apgar wa mwaka 1953, wa kumpa mtoto alama mara anapozaliwa, ambao kila mkunga anautumia. Alama ya rangi inamtaka mkunga aone mwili wa waridi. Mtoto wetu hapewi alama hiyo kwa kutazamwa kifua. Anatazamwa ulimi, midomo kwa ndani, viganja na nyayo.

Kukosa oksijeni nako kunatafutwa ulimini. Fizi za watu wengi weusi zina madoa meusi ya asili, kwa hiyo zisitumiwe peke yake. Kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni kwa taa kinasaidia sana, lakini kisiaminiwe kama macho ya Mungu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 uliwachukua wagonjwa ambao kipimo hicho kiliwasoma asilimia 92 hadi 96. Damu yao ya mshipa ilipopimwa moja kwa moja, wenye oksijeni iliyo chini ya asilimia 88 walikuwa asilimia 11.7 kati ya weusi, na asilimia 3.6 kati ya weupe. Kwa hiyo ukisoma 93 kwa mgonjwa mweusi ambaye mbavu zinaingia ndani na pua zinapanuka, amini mbavu na pua. Futa rangi ya kucha kabla ya kuweka kipimo. Piko nyeusi haifutiki na inaweza kuizuia taa isipite, na kule pwani bibi harusi na mama aliyetoka arobaini wanapakwa mpaka vidoleni. Tumia kidole cha mguu kisichopakwa, au ndewe ya sikio kama una kipimo chake.

Sasa vidonda vya kulalia, maana hapa ndipo “kawaida” inapoumiza watu wengi. Mgonjwa aliyepooza, aliyevunjika nyonga au asiye na fahamu anaanza kuharibika ngozi ndani ya saa chache. Mfupa unasukuma nyama kwenye godoro, mishipa midogo inabanwa, na nyama inakosa damu kuanzia ndani, karibu na mfupa, kabla juu hapajaonyesha chochote. Unapoona ngozi imechubuka, chini yake huenda pameshaoza.

Basi kila zamu mgeuze mgonjwa na upitishe mgongo wa mkono wako juu ya mifupa inayotokeza: kisogo, mabega, viwiko, juu ya matako, nyonga, vifundo na visigino. Usitafute wekundu. Linganisha joto na ngozi iliyo sentimita 5 kando yake. Mwanzoni sehemu iliyoumia huwa ya moto, baadaye inapoa kuliko jirani yake, na kupoa si dalili ya kupona. Bonyeza kwa kidole: ni ngumu kama ndimu mbichi, au inadidimia kama ndizi iliyopondeka? Muulize mgonjwa kama panawasha au panauma. Angalia kama ngozi inang’aa na kukazana kuliko ya pembeni. Ukipata moja ya hayo, hapo ni hatua ya kwanza ya kidonda hata kama rangi ni ileile, na asilazwe tena upande huo mpaka pamerudi sawa.

Mazoea ya kusugua sehemu hiyo kwa spiriti na poda yaachwe. Nyama iliyokosa damu ukiisugua unaipasua ndani, na spiriti inakausha ngozi. Pete ya kukalia nayo haifai, kwa sababu inabana mzunguko wa damu kuizunguka sehemu unayotaka kuiokoa. Mgeuze kila baada ya saa 2, nyoosha shuka na mpira visiwe na mikunjo, na weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Ndugu wanaouguza nyumbani wanaweza kufanya haya yote bila kifaa chochote cha kununua. Waonyesheni kwa vitendo siku ya kumruhusu mgonjwa, kwa sababu maneno ya mlangoni husahaulika kabla daladala halijafika.

Kwa mtoto anayeharisha, kufinya ngozi ni kipimo cha sekunde moja kinachoharibiwa na haraka. Mlaze chali. Chagua sehemu iliyo katikati ya kitovu na ubavu. Tumia kidole gumba na cha shahada, bila ncha za kucha, na mkunjo uwe wa wima kufuata urefu wa mwili, si wa kukata tumbo. Inua ngozi pamoja na nyama ya chini yake, shika sekunde moja, achia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hiyo inarudi polepole sana, na mtoto ana dalili ya upungufu mkubwa wa maji. Ila mtoto aliyekonda sana ngozi yake inachelewa kurudi hata akiwa na maji ya kutosha, na mnene au aliyevimba inarudi mara moja hata akiwa amekauka. Ndiyo maana hatuhukumu kwa ngozi peke yake: tunatazama macho yaliyozama, tunampa maji tuone anavyokunywa, na tunaangalia kama amelegea.

Mtoto huyohuyo tazama nywele. Zikiwa chache, laini, nyekundu-kahawia, na ukivuta chache kwa upole zinatoka bila kumuuma, bonyeza mgongo wa kila mguu, upande wa juu nyuma ya vidole, kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Mashimo yakibaki miguu yote miwili, ana utapiamlo mkali wa kuvimba, hata kama mashavu yamejaa na bibi yake anamwita kibonge. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huo katika miaka ya 1930 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, na jina kwashiorkor alilichukua kwa akina mama wa huko wenye lugha ya Kiga. Tafuta pia ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta, hasa mapajani na matakoni.

Kichwa cha mwanafunzi wa shule ya msingi chenye duara zenye magamba na nywele zilizokatika ni mapunye. Mafuta na krimu peke yake havitoshi, kwa sababu kuvu amekaa ndani ya unywele wenyewe. Anahitaji griseofulvini ya kumeza kulingana na uzito wake kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini. Wengine kichwa huvimba, kinakuwa laini kama jipu na kutoa usaha. Lisipasuliwe! Ni mwili unapambana na kuvu. Kisu kinaacha kovu lisiloota nywele maisha yote, na dawa ya mapunye ndiyo inayoliponya.

Kwa wanawake na wasichana, omba ruhusa ya kuona chini ya wigi, rasta au hijabu, mkiwa faragha, na mwanamke mwenzake awepo kama anataka. Nywele zilizorudi nyuma kwenye paji na juu ya masikio zinasema msuko unavuta mno. Zikishughulikiwa mapema zinaota tena. Zikiachwa miaka, vishimo vya nywele vinakufa.

Tunaomba tukae kidogo kwenye ukoma, kwa sababu wapo wahudumu vijana wanaodhani umekwisha. Tanzania bado inapata wagonjwa wapya kila mwaka. Baka lake kwenye ngozi nyeusi ni jeupe hafifu au la rangi ya shaba, haliwashi, na mara nyingi mgonjwa ameshapakwa dawa za mba kwa miezi. Kinacholitofautisha ni ganzi. Chukua pamba, isokote ncha iwe nyembamba. Mwonyeshe mgonjwa macho yakiwa wazi utakachofanya, kisha afumbe. Gusa mara moja bila kuburuta, naye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Changanya ngozi nzima na baka, bila mpangilio. Usiulize “unasikia?” kila unapogusa, maana atajibu ndiyo kwa adabu. Kisha papasa neva nyuma ya kiwiko upande wa kidole kidogo, na ile ya nje chini kidogo ya goti, ukilinganisha kulia na kushoto: imenenepa, inauma?

Baka 1 hadi 5 hutibiwa miezi 6, zaidi ya 5 miezi 12, na dawa mseto hutolewa bure. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba mojawapo ya dawa hizo hufanya ngozi iwe nyeusi zaidi na kwamba weusi huo hufifia baada ya kumaliza. Asiyeambiwa anaacha dawa mwezi wa pili kwa kuogopa majirani.

Kucha zina kumbukumbu. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mfereji uliokata kucha zote kwa upana, ukiwa milimita 6 kutoka kwenye shina, unaeleza homa kali au njaa ya miezi 2 iliyopita. Ukucha uliobonyea kama kijiko, unaoweza kushika tone la maji, unadokeza upungufu wa madini ya chuma. Vidole vilivyovimba ncha kama rungu vijaribiwe hivi: mgonjwa agusanishe kucha za vidole viwili vinavyofanana, mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida kunabaki kitundu kidogo chenye umbo la almasi. Kisipokuwepo, tafuta ugonjwa wa mapafu, moyo au ini. Ni daktari Leo Schamroth wa Afrika Kusini aliyekieleza mwaka 1976, baada ya kukiona kikipotea na kurudi kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua moyo.

Mistari myeusi ya urefu kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi, na dawa ya VVU iitwayo zidovudini nayo inaweza kuileta. Tahadhari ni mstari kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, uliozidi milimita 3, au ambao weusi wake umemwagika hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha. Melanoma, aina kali ya saratani ya ngozi, kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aliyefariki Mei 1981 alianza na doa chini ya ukucha wa kidole cha mguu lililodhaniwa ni jeraha la mpira. Kwa ndugu zetu wenye ualbino mambo ni mengine: tafuta usoni, masikioni, shingoni na mikononi, na kidonda kisichofunga kwa wiki 4 kipelekwe kwa wataalamu wa ngozi bila kusubiri kliniki ijayo.

Mwisho ni mkorogo, yaani vipodozi vya kujichubua, nao hufunika dalili nyingi za ngozi tulizozitaja. Uso mweupe wenye vifundo vya vidole vyeusi, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, michirizi mipana mapajani, au weusi wa kibuluu unaojitokeza mashavuni: muulize anapaka nini, kwa sauti ya kawaida, bila kumkemea. Alete chupa. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi kali, ambazo huficha choa na kuchelewesha kidonda kupona, na nyingine zina zebaki inayoharibu figo. Mtumiaji atakayefanyiwa upasuaji lazima ajulikane mapema.

Kuhusu kuandika, badala ya “kawaida” andikeni mlichokiona na mlichokigusa: “Juu ya matako, kulia, sentimita 3 kwa 4, zambarau-nyeusi, pa moto kuliko pembeni, pagumu, panauma, ngozi haijachanika, saa 4 asubuhi.” Rula ya karatasi inatosha. Muuguzi wa zamu ya usiku akisoma hivyo anajua aguse wapi na alinganishe na nini. Na kama hamkumvua mgonjwa soksi, andikeni “nyayo hazijaangaliwa”, ili wa zamu inayofuata aanzie hapo.

Ni sisi,
Wakufunzi wa uuguzi,
Moshi, Kilimanjaro